Shajara ya Mradi: Kusafisha Mawimbi ya Transiva ya Wati 5

8 Februari

Transiva (redio ya kurusha na kupokea) iliyo mezani ni ya kujiundia, yenye bendi za mita 80, 40 na 20. Unafuu wa bei yake umetokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba masafa yake yote huzalishwa na chipu moja, Si5351, ambayo kazi yake ya asili ni kutoa mapigo ya saa kwa vifaa vya dijitali. La pili ni kwamba hatua ya mwisho ya kukuza nguvu hutumia transista ya IRF510, iliyobuniwa kwa ajili ya kuwasha na kuzima umeme katika saketi za pawa, wala si kwa ajili ya redio. Vyote viwili vinapatikana kwa urahisi na vinafanya kazi vizuri kuliko bei yake inavyodokeza, lakini vyote viwili ni vichafu.

Si5351 hutoa wimbi la mraba. Harmoniki ni mawimbi yanayozuka kwenye masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya masafa ya wimbi la msingi. Harmoniki ya tatu ya wimbi la mraba kamili ina theluthi ya kimo cha wimbi la msingi, yaani iko chini yake kwa desibeli 9.5 tu (kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu). IRF510 nayo, kwa kuwa inafanya kazi peke yake bila mwenzake wa kuvuta upande wa pili, huongeza harmoniki ya pili na ya nne kwa ukarimu. Kila kitu kinachosimama kati ya uchafu huo na antena ni kichujio kimoja kwa kila bendi, kinachopitisha masafa ya chini na kuzuia ya juu, na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za kukibadilisha.

Kipimo nitakachofuata ni cha Kanuni za Redio za ITU, Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano: kwa redio ya ridhaa iliyo chini ya MHz 30, mawimbi yasiyotakiwa yanapaswa kuwa chini ya nguvu ya msingi kwa desibeli 43 + 10 log P (P ni nguvu kwa wati), au kwa desibeli 50, ipi iliyo nyepesi zaidi. Kwa wati 5 hesabu zote mbili zinakutana kwenye desibeli 50, ambayo ni sawa na mikrowati 50 zinazoruhusiwa kutoka. Marekani inaridhika na desibeli 43 kwenye masafa haya, lakini sioni sababu ya kulenga chini wakati kipimo cha ITU kinafikika.

Wapo wanaouliza mikrowati 50 zitamdhuru nani. Jibu liko kwenye hesabu ya kuzidisha. Harmoniki za bendi ya mita 40 huangukia MHz 14, 21 na 28, ambako kuna waredio wa ridhaa wenzetu watakaotusamehe. Sehemu ya juu ya bendi ya mita 80, kuanzia takriban MHz 3.758 hadi 3.8, ikizidishwa kwa tatu inatua barabara kati ya MHz 11.275 na 11.4, masafa yaliyotengwa kwa mawasiliano ya ndege za safari ndefu. Huko hakuna wa kukusamehe, na leseni inayotolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, haimruhusu mtu kufika huko hata kwa bahati mbaya.

15 Februari

Kabla ya kupima chochote nimejenga mahali pa kupimia. Wati 5 ni dBm 37 (desibeli 37 juu ya miliwati moja), na kichanganuzi cha spektra nilichonacho, tinySA, kinachoonyesha nguvu iliyopo kwenye kila masafa, hakipaswi kupewa zaidi ya dBm 10. Kuchomeka redio moja kwa moja ni kukiua.

Mzigo bandia, unaokaa badala ya antena wakati wa kupima, umetokana na rezista ishirini za kilo-omu 1, zilizofungwa sambamba kati ya vipande viwili vya bodi ya shaba, jumla yake ikawa omu 50. Ni rezista za filamu ya kaboni; zile kubwa nyeupe za saruji zinazouzwa kwa wingi madukani zimesokotwa waya ndani, hivyo kwenye masafa ya redio zinageuka koili. Kutoka upande wa moto wa mzigo nimechota sampuli kupitia rezista ya kilo-omu 4.7 na nyingine ya omu 270 zilizofuatana, kisha kontakta ya kwenda kwenye kichanganuzi. Kwa kuwa kichanganuzi chenyewe kina omu 50, volti inagawanywa kwa takriban 100, yaani desibeli 40, na kinachofika ni nusu ya miliwati. Rezista zimesimamishwa mbali na ukuta wa boksi na miguu yake imekatwa mfupi, kwa sababu hata sehemu ya pikofaradi ikikatiza juu ya rezista ya kilo-omu 4.7 itafanya masafa ya juu yaonekane na nguvu kuliko yalivyo.

Suala moja lilihitaji uhakika kabla ya kuamini namba yoyote. Kichanganuzi kikipewa wimbi kubwa hutengeneza harmoniki zake chenyewe ndani ya kichanganyio chake, na kwenye kioo huwezi kuzitofautisha na za redio kwa macho. Njia ya kuzitenganisha ni kuongeza desibeli 10 za kipunguza nguvu cha ndani. Kifaa hufidia upunguzaji huo kwenye maandishi yake, kwa hiyo harmoniki iliyotoka kwenye redio hubaki palepale, ilhali ile iliyozaliwa ndani ya kifaa huporomoka. Nimeamua kwamba namba ambayo haijapita mtihani huu haiandikwi humu.

22 Februari

Vipimo vya kwanza vya mita 40, redio ikiwa imetulia kwenye MHz 7.1 kwa wati 5 kamili, vimetoa picha ya ajabu kidogo. Harmoniki ya pili iko chini kwa desibeli 51, jambo ambalo linapita kwa kukwaruza. Ya tatu, MHz 21.3, iko chini kwa 42 tu. Ya nne, MHz 28.4, iko chini kwa 45.

Si ukubwa wa namba ulionishughulisha, ila mpangilio wake. Kichujio chenye koili tatu na kapasita nne huzuia zaidi kadiri unavyopanda juu. Kwenye MHz 14 kinapaswa kutoa desibeli 40 na kitu, na kwenye MHz 21 kinapaswa kupita 60 bila shida. Harmoniki ya tatu na ya nne zilipaswa kuwa zimezama ndani ya kelele za kifaa. Badala yake zote mbili zimesimama juu ya ile ya pili, kana kwamba kichujio kimechoka kuzuia baada ya MHz 14.

Ushauri unaotolewa mara nyingi katika hali hii ni kuongeza kichujio cha pili nje ya redio. Unasaidia, na kwa mtu mwenye haraka ni jibu halali. Lakini unaacha swali la kwanini kichujio kilichopo hakifanyi kazi ambayo kimelipiwa, na swali hilo ndilo mradi wenyewe.

1 Machi

Nimelitenga swali kwa NanoVNA, kifaa kidogo kinachopima jinsi saketi inavyopitisha kila masafa. Nimekata njia ya kuingia na ya kutoka kwenye eneo la vichujio, nikachomelea waya mfupi wa koaksia kila upande, na kupima ni kiasi gani kinapita kutoka mlango mmoja hadi wa pili. Kwenye MHz 7.1 upotevu ni mdogo, karibu desibeli 0.4. Kwenye MHz 21.3 kizuizi ni desibeli 29, na kwenye 28.4 kimeshuka hadi 27 hivi. Kwa hiyo tatizo si transista wala osileta (Si5351 inayozalisha masafa).

Kisha nikafanya jaribio ambalo ningependekeza kwa yeyote mwenye redio ya aina hii: nikainua mguu mmoja wa koili ya katikati kutoka kwenye bodi. Kichujio chenye koili iliyokatika ni barabara iliyovunjika daraja, hakuna kinachopaswa kuvuka. Wimbi la MHz 7.1 kweli lilitoweka. Lakini mstari wa MHz 21 hadi 30 haukusogea. Ulibaki ulipokuwa, desibeli 29 na 27, koili ikiwa imeunganishwa au imening'inia.

Maana yake ni moja tu: kwenye masafa hayo nguvu haipiti ndani ya kichujio kabisa, inazunguka. Mzunguko wenyewe hauhitaji waya. Pikofaradi 1 kwenye MHz 28 ina ukinzani wa takriban kilo-omu 5.7, kati ya chanzo cha omu 50 na mzigo wa omu 50, hiyo ni sawa na kizuizi cha desibeli 35 pekee. Ukiwa na pikofaradi mbili au tatu, umefika kwenye namba zangu. Na pikofaradi tatu si kitu cha kutafuta mbali: msanifu wa bodi, ili kuokoa pesa, ametumia rilei moja ya nguzo mbili kwa kila bendi, nguzo moja ikibeba kiingilio cha kichujio na ya pili ikibeba kitokeo. Ndani ya kiboksi hicho cha plastiki, kiingilio na kitokeo vimetenganishwa na milimita chache. Chini ya bodi, njia mbili za shaba zinatembea pamoja bega kwa bega kwa zaidi ya sentimita mbili bila ethi katikati.

Unaweza kuweka hapo kichujio cha koili saba, cha koili kumi, na harmoniki ya tatu haitashuka hata desibeli moja.

9 Machi

Kwa kuwa eneo la vichujio litajengwa upya, koili zimesukwa upya pia. Thamani ni zile zinazojulikana sana miongoni mwa waundaji wa redio za nguvu ndogo: kwa mita 40, kapasita za pembeni ni pikofaradi 270, za ndani 680, koili za pembeni mikrohenri 1.38 na ya katikati 1.70.

Pete ni T37-6, ya unga wa chuma, yenye rangi ya manjano na kipenyo cha milimita 9.5. Pete nyeusi zinazong'olewa kwenye pawasaplai za kompyuta zilizokufa zinavutia kwa kuwa ni za bure, lakini nyingi ni za feriti au za unga uliokusudiwa kula mawimbi ya juu, na ndani ya kichujio cha kurushia zitageuza wati kuwa joto. Waya nimeupata kwa fundi wa kusuka mota za pampu, ambaye alinipimia mita kadhaa za waya wa shaba wa vanishi wa milimita 0.4, akaitazama pete niliyomwonyesha, akauliza, "Bosi, hii mota ya saa ya mkononi?"

Kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza ambao hauonekani kama umezunguka kitu. Ndiyo maana watu wengi wanamaliza wakiwa na mzunguko mmoja zaidi au pungufu. Koili za pembeni zina mizunguko 21, ya katikati 24, na kwa ile ya 24 sentimita 35 za waya zinatosha na kubakiza mikia. Mizunguko inasambazwa na kuachwa pengo la kama moja ya kumi na mbili ya duara kati ya mwanzo na mwisho. Ukiibana mizunguko pamoja, henri zinapanda. Ukiitanua, zinashuka, na marekebisho ya asilimia chache hufanywa kwa ukucha wa kidole gumba huku macho yakiwa kwenye NanoVNA. Vanishi inakwanguliwa kwa wembe pande zote za waya kabla ya kupakwa risasi. Mguu unaong'aa upande mmoja tu utashika risasi vizuri na bado usipitishe umeme sawasawa.

Kapasita zote ni za C0G, aina isiyobadilika kwa joto wala volti. Zile za X7R, ambazo ni rahisi kupata na zina umbo lilelile, zinafaa kusafisha njia ya umeme wa betri na si kusimama hapa.

Kichujio kipya kikiwa peke yake kwenye kipande cha bodi ya shaba, nje ya redio, kimepoteza desibeli 0.3 kwenye MHz 7.1, yaani kati ya wati 5 zinabaki takriban 4.7. Kwenye MHz 14.2 kimezuia 44, na kwenye 21.3 kimefika mwisho wa uwezo wa NanoVNA wa kuona, karibu na 70. Ni pete na kapasita zenye thamani zilezile za kichujio cha mwanzo.

23 Machi

Ujenzi mpya umekamilika kwa mita 40 na 80. Kila kichujio sasa kina rilei mbili, moja upande wa kuingia na nyingine upande wa kutoka, zikiwa kwenye ncha zinazotazamana za bodi. Kichujio kisichotumika ncha zake zote mbili hufungwa kwenye ethi na rilei hizohizo, ili kisigeuke antena ndogo ya ndani. Kati ya kichujio na kichujio nimesimamisha ukuta wa bati la kopo la maziwa, lililokatwa kwa mkasi, likakwanguliwa rangi na kuchomelewa kwenye ethi kwa urefu wake wote. Kuligusisha kwa nukta mbili hakutoshi, kwa sababu mwanya wa katikati unaendelea kuvujisha. Kutoka kwenye kitokeo hadi kontakta ya antena ni koaksia nyembamba, ganda lake likiwa limeshikwa kwenye ethi ncha zote mbili.

Gharama iliyoongezeka ni rilei mbili za ziada na jioni chache. Kwa mtu anayetumia bendi moja tu kwa wakati, naona ni afadhali hata rilei zenyewe zitupwe na kila kichujio kiwe kadi ya kuchomeka na kuchomoa, kiingilio ncha moja na kitokeo ncha ya pili. Ni rahisi zaidi na hakuna plastiki ya kuvujia. Kinachopotea ni raha ya kubadilisha bendi kwa kidole.

Vipimo kwenye MHz 7.1, wati 4.8: harmoniki ya pili iko chini kwa 59. Ya tatu imezama chini ya 65, mahali ambapo kifaa changu hakioni tena. Ya nne haionekani.

30 Machi

Kwenye kioo kumebaki vijiti viwili vifupi, kilohezi 150 kila upande wa wimbi la msingi. Havina uhusiano wowote na harmoniki, na kichujio hakiwezi kuvigusa kwa sababu vipo ndani kabisa ya eneo linalopitishwa. Umbali wa kilohezi 150 ulimtaja mhusika: ni kasi ya kuwasha na kuzima ya LM2596, kimoduli cha kushusha volti kinacholisha osileta kutoka kwenye betri ya volti 12. Nimekiondoa na kuweka kidhibiti volti cha 7805, kisichowasha na kuzima, cha kawaida yenye kipande cha bati la kupoozea. Inapoteza umeme kidogo kwa joto, na vijiti vimetoweka.

13 Aprili

Mwenzangu mmoja ameleta redio ya mkononi ya bei nafuu ya VHF na UHF ili tuipime kwa mzigo huohuo. Kwenye MHz 145 harmoniki yake ya pili, MHz 290, iko juu ya kipimo, na si kwa kidogo. Tatizo lake halitatuliki kwa njia ya mradi huu. Vichujio vya ndani ni koili za hewa ndogo kuliko punje ya mchele, na kichujio cha nje kitakachozuia MHz 290 kitazuia pia bendi ya MHz 430, kwa kuwa redio ina kontakta moja ya antena kwa bendi zote mbili. Anayeitumia kwenye kituo cha kudumu cha VHF pekee afunge kichujio hicho bila kusita; anayetembea nayo atumie nguvu ndogo. Tujihadhari pia na ile ya tatu, MHz 435, ambayo inaangukia ndani ya bendi ya ridhaa ya sentimita 70 na kwa hiyo haimshtui mtu yeyote anayesikiliza hapo.

Swali la kwa nini transiva yangu ya wati 5 isiongezwe mita 10 limeulizwa tena. Muundo wake hupandisha sauti kwanza hadi MHz 45 kisha huishusha hadi masafa ya kurushia, na kichanganyio cha mwisho huzalisha pia mgeni, yaani wimbi lisilotakiwa, kwenye MHz 45 ukiondoa masafa unayotaka. Ukiwa kwenye MHz 14, mgeni yuko 31, juu, na kichujio kinamkamata. Ukiwa kwenye MHz 28, mgeni yuko 17, chini ya wimbi lenyewe, na kichujio kinachopitisha masafa ya chini kinamfungulia mlango. Mita 10 inahitaji kichujio cha kupitisha bendi yake peke yake, kabla ya hatua za kukuza nguvu. Mpaka hapo, bendi ni zile tatu.

27 Aprili

Mita 80, ambayo ndiyo iliyonitia wasiwasi tangu mwanzo. Kichujio kina kapasita za pikofaradi 470 na 1200, na koili za mizunguko 25, 27 na 25 kwenye pete nyekundu za T37-2. Nimepima kwenye MHz 3.77 kwa makusudi. Harmoniki ya pili iko chini kwa 56, na ya tatu, MHz 11.31, iko chini kwa 64. Kabla ya ujenzi mpya hiyo ya tatu ilikuwa chini kwa 47.

Kilichobaki hakionekani kwenye tinySA, kwa kuwa dirisha lake jembamba kuliko yote ni la kilohezi 3 hivi, ambalo linameza upana mzima wa sauti ya SSB (sauti inayorushwa upande mmoja tu wa wimbi la msingi, wimbi lenyewe likizimwa). Nimetumia kipokezi cha RTL-SDR chenye kipunguza nguvu mbele yake, na toni mbili za hezi 700 na 1900 kwenye kiingilio cha maikrofoni. IRF510 ikisukumwa hadi wati 5 za kilele, vizalia vya mchanganyiko vinachomoza wazi kwenye hezi 3100 na upande wa pili wa wimbi lililozimwa, hezi 500, ambako mwenzako wa jirani anazungumza. Hakuna kichujio cha antena kitakachoondoa hivyo. Kilichosaidia ni kuongeza mkondo wa utulivu wa transista (unaopita hata pasipo sauti) hadi miliampea 90 na kurudisha nyuma sauti ya maikrofoni mpaka kilele kikawa wati 3.5, vizalia vimeshuka kwa zaidi ya desibeli 10, na tofauti ya nguvu kwa anayesikiliza mbali ni desibeli 1.5, ambayo sikio halitaigundua. Kirekebishi cha maikrofoni nimekipaka tone la rangi ya kucha mahali hapo.

Bodi ya mita 20 ingali na rilei yake ya mwanzo. Waya wa kuwashia rilei hiyo nimeuchomoa, ili bendi hiyo isirushe chochote hadi rilei mbili mpya zifike.